Ja ya Mama Perpétue

Nikifungua pakiti ya dagaa, binti yangu Josefin hukimbilia viatu vyake. Ananiuliza kwa Kiswidi kama leo tunakwenda kwa wanafunzi. Hatuendi tena. Tunapika hapahapa nyumbani, Bredäng, dirisha wazi hata kama nje kuna theluji, ili harufu isikae kwenye makoti. Mimi nakaanga, yeye anavua viatu huku amenuna, na hapo ndipo Mama Perpétue anaporudi jikoni kwangu bila kupiga hodi.

Alikuwa akikaa ghorofa ya juu yetu. Kwao Uvira, kwetu Kigoma, ziwa ni moja. Yeye husema ndagala, mimi nasema dagaa. Yeye sombe, mimi kisamvu. Yeye njo, mimi ndiyo. Na kila mmoja wetu aliamini mwenzake ndiye aliyepotoka. Tulikutana majira ya baridi ya mwaka 2007 kwenye chumba cha kufulia, chini ya jengo. Nilikuwa na mimba ya Josefin, na nchi yenyewe nilikuwa bado naiona dirishani tu. Nilikuwa nimejaza nguo kwenye mashine bila kujua kwamba kila nyumba ina saa yake ya kufua, na saa niliyoichukua ilikuwa yake. Aliingia na kapu lake, akaitazama mashine, akanitazama mimi na kanga niliyojifunga juu ya sweta.

"Weye ni wa wapi?"

"Kigoma, mama."

"Aaa! Basi ni wa ng'ambo tu." Akatua kapu chini. "Fua, mwanangu. Nguo zangu zitangoja. Lakini usimfanyie Mswidi hivi. Yeye hatakusemesha, atabandika karatasi mlangoni, na jengo lote litaisoma."

Mashine ikazunguka, naye akanisimulia maisha yake kwa kifupi, kama mtu anayetaja vituo vya treni. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Vita vikamtoa kwao, mume akamzika njiani, akapita kambini, na mwaka 1999 akafika hapa na binti yake Orpha. Akasafisha maofisi, akajifunza Kiswidi, akapata kazi kwenye nyumba ya wazee kule Hässelby, mwisho wa mstari wa kijani. Halafu, mvi zikiwa zimeshaanza, akaingia chuo kikuu.

"Chuo kikuu?" nikauliza. Mimi niliishia darasa la saba.

"Chuo kikuu. Nilikaa benchi moja na watoto wa miaka kumi na tisa. Waliniita Perpétue, vile vile, kavu, bila mama, bila nini. Mwanzo nilikuwa nageuka nyuma kumtafuta huyo aliyeitwa."

Katika habari zake zote, iliyokuwa haimchoshi kuisimulia ni ile ya ngazi. Saa ya kula, wanafunzi walipasha vyakula vyao kwenye maikrowevu ukumbini. Siku ya kwanza naye akapasha ugali wake na ndagala. Msichana mmoja akafungua dirisha. Mwingine akauliza, kwa upole kabisa, kama labda kuna mnyama amekufa ndani ya ukuta.

"Kwa upole!" Mama Perpétue alikuwa akisema, akijipiga paja. "Angenitukana, ningejua pa kumshika."

Tangu siku ile akawa anakula ngazini, nyuma ya mlango wa dharura, chakula baridi, kopo magotini. Mwanamke aliyesomesha watoto wa watu Uvira, anakula amejificha kama mwizi wa nyama. Mpaka siku mama mmoja wa Kiswidi, mrefu, nywele nyeupe, alipopita na kumkuta. Ndiye Gunvor, mkutubi aliyestaafu. Hakumuuliza kwa nini. Alitoa ufunguo mfukoni, akamteremsha mpaka chini, akamfungulia jiko la zamani lililokuwa limegeuzwa stoo ya viti vibovu. Akamwambia: hapa pika chochote.

Jiko lile lilikuwa katika nyumba ya chama cha wanafunzi. Nyumba ilikuwa na bodi yake ya wadhamini, watu wazima wanaojitolea kukisaidia chama. Walimu waliostaafu, wanafunzi wa zamani, watu kama hao. Walikutana mara moja kwa mwezi kuwasikiliza vijana na kuamua mambo ya nyumba: paa linalovuja, piano iuzwe au ibaki. Mwenyekiti alikuwa Gunvor. Mama Perpétue alipomaliza masomo, Gunvor alimwomba aingie bodini, naye akaingia.

Damas, mume wangu, lilimshinda kulielewa jambo hilo. "Mama, unatoka kazini Hässelby, unapanda treni kwa nauli yako, unakaa kikaoni, na hulipwi. Hiyo ni kazi au ni sadaka?"

"Njo sadaka yenyewe, mwanangu. Kasoro tu kule hawaimbi."

Josefin alipozaliwa, Damas akiwa na zamu ndefu, mimi nilishinda na mtoto na kuta nne. Mama Perpétue aliona. Alikuja mlangoni na koti lake la kijani, akasema, "Vaa. Mtoto mfunike vizuri. Leo ni Alhamisi, siku ya jiko." Sikuuliza jiko gani. Nilisukuma kigari cha mtoto mpaka stesheni.

Siku ile siisahau. Ngazi za kuteremka chini, joto likikupokea usoni, miwani ya watu imefanya ukungu. Wasichana wa Kihabeshi na kitunguu chao kinachopikwa hadi kinakuwa rojo. Mvulana wa Kichina akikata tangawizi mbio kama cherehani. Na Okech, Mkenya, mrefu, anayesomea mambo ya maji, amesimama karibu na sufuria ya Mama Perpétue kama askari wa zamu.

"Mama, hiyo kitu inanukia poa sana. Si unipatie kidogo nionje kama chumvi imeshika?"

"Weye Okech, kula kwanza. Hata Kiswahili chako kiko na njaa."

Okech akanigeukia. "Na huyu dada ni wa wapi?"

"Kigoma," nikamjibu. "Karibu sana, kaka, chakula kitakuwa tayari muda si mrefu."

"Woi! Mtanzania! Umeskia vile anaongea? Kama redio!"

Nilicheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa sauti tangu nifike. Gunvor alimchukua Josefin begani bila kuniomba, akatembea naye kati ya masufuria, akimwonyesha mvuke. Hakuna aliyefungua dirisha.

Basi tukawa watu wa pale. Siku ikigongana na kikao cha bodi, Mama Perpétue alinichukua hata huko. Nilikaa pembeni na mtoto, hakuna aliyeniuliza natafuta nini. Njiani alinifundisha.

"Kikao cha Waswidi ni kama misa," alisema. "Gunvor anauliza, wote mnaitika ja, halafu nyundo: ko! Imekwisha. Ja ni amina yao."

"Na kama hutaki?"

"Sijaona bado."

Na kweli. Gunvor alikuwa na nyundo ndogo ya mbao. Aliuliza, wakaitika, ko! Ja ya Mama Perpétue ilikuwa ikichelewa kidogo baada ya za wengine, kwa sababu alikuwa akilitafsiri swali kwanza, akilipeleka Uvira na kulirudisha. Kwenye bodi ile sikuwahi kumsikia akisema neno jingine. Alileta chupa ya chai ya maziwa na tangawizi, wenzake walileta keki za mdalasini, na nadhani walimhesabu kuwa mtu mpole asiye na neno.

Kuhusu hiyo ja, yalinikuta na mimi. Josefin alipoanza shule ya chekechea, mwalimu wake aliniuliza asubuhi moja ya mvua, "Josefin hana koti la mvua?" Nikamwambia ja. Kwetu ndivyo: ndiyo, hana. Yule dada wa watu akaanza kulitafuta. Akatafuta kwenye ndoano, akatafuta rafuni, akaingia hadi chooni, akatoka na makoti ya watoto wa wenzangu, akiniuliza ni hili? Ni hili? Nikabaki nimesimama kama mti. Jioni Mama Perpétue alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, hawa wako na ndiyo mbili. Iko ja, na iko jo. Ukimkatalia mtu aliyesema hakuna, unasema jo. Ukikubali hakuna, unasema nej. Mi mwenyewe, miaka yote hii, ulimi unateleza."

Josefin hakuteleza. Alikuwa na miaka miwili, lakini nikimwambia huwezi kuvaa soksi mwenyewe, ananiangalia machoni: "Jo!"

Mwaka 2010 sheria ikabadilika. Zamani kila mwanafunzi alilazimika kuwa mwanachama. Sasa mwenye kutaka aingie, asiyetaka abaki. Wengi wakabaki. Chama kikanyong'onyea. Vuli ile nililiona jambo likija kabla halijasemwa: keki zilipungua mezani, na mtunza hazina, bwana mwembamba wa miwani, akawa anapima milango kwa mita. Kulikuwa na watu waliotaka kupanga sehemu ya chini yote, waweke mashine za mazoezi. Jiko lingevunjwa.

Siku ya kikao cha kuamua, tulikuwa kwenye treni, Josefin kwenye mapaja ya Mama Perpétue. Nilimuuliza, "Utasema nini leo?"

"Nitasema ja, kama siku zote."

"Mama! Jiko lako?"

Alimfunga Josefin kifungo cha koti kilichokuwa kimefungwa tayari. "Gunvor njo anapendekeza. Nilimsikia kwa simu, hata sauti yake haikuwa nzuri, lakini njo yeye anapendekeza. Mtu aliyekutoa ngazini, aliyekufungulia mlango, utampinga mbele za watu? Na ni mkubwa kwangu. Apana. Kwetu hatukulelewa hivyo."

"Basi umwambie pembeni."

"Pembeni nitalia. Acha."

Alitazama nje mpaka tukashuka.

Kikaoni mtunza hazina alieleza. Okech, aliyekuwa amechaguliwa kusema kwa niaba ya wanafunzi wa kigeni, alisema wao wanaomba jiko libaki, ila hakuwa na kura. Gunvor alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akainua nyundo. Alikuwa amechoka, nilimwona, alitaka jambo lipite haraka kama mtu anayeng'oa jino. Badala ya kuuliza kama siku zote "mnakubali?", akauliza, "Hakuna anayepinga?"

Wenzake waliinamia vikombe. Na Mama Perpétue, baada ya kulipeleka swali Uvira na kulirudisha, akaitika kwa heshima zote:

"Ja."

Nyundo ikabaki hewani.

Nilijua papo hapo. Alikuwa amesema ndiyo, hakuna. Lile lile koti la mvua. Lakini watu wote mezani walikuwa wameinua vichwa, kwa sababu walivyosikia wao ni ndiyo, yupo. Mtunza hazina aligeuza kiti chake kizima. Gunvor aliishusha nyundo taratibu, akailaza mezani ubavu.

"Perpétue," akasema, "unapinga?"

Nilimwona Mama Perpétue akielewa. Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Angeweza kucheka, aseme samahani, ulimi wangu, nilitaka kusema nej. Kila mtu angecheka naye, nyundo ingeshuka, na jiko lingekwisha. Alinitazama mimi. Akamtazama Josefin, aliyekuwa chini ya meza akichora kwenye bahasha. Akavuta pumzi.

"Ja," akasema tena.

"Kwa nini?" Gunvor hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka sana kuambiwa.

Kiswidi cha Mama Perpétue kilikuwa kizuri cha kazini, cha kuogesha wazee na kuwabembeleza wale chakula. Cha kubishana hakuwa nacho. Alianza, akakwama, akaanza upya. Nilichofahamu ni hiki. Alisema, samaki wangu walinuka. Watu wakatabasamu. Akasema, nilikula ngazini, baridi, wewe Gunvor ulinikuta. Sasa mwaka ujao atakuja mwingine, sijui kwao wapi, ana kopo lake. Jiko hakuna. Ataenda wapi? Akanyoosha mkono kuelekea mlango wa dharura. "Pale," akasema. "Na wewe hutapita tena pale, Gunvor. Magoti yako na yangu hayapandi tena ngazi. Nani atamkuta?"

Akachukua chupa ya chai akammiminia mtunza hazina, aliyekuwa karibu naye, ingawa kikombe chake kilikuwa kimejaa, na chai ikamwagika kwenye karatasi zake.

Gunvor aliuangalia mlango ule kwa muda. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba zile ngazi alikuwa amezisahau.

Siku ile hawakuamua. Waliamua mwezi uliofuata, na walichokata ni kati kwa kati: wapangishe ukumbi wa mbele, jiko libaki, mradi mmoja wa bodi alisimamie mwenyewe, usafi, moto, ufunguo na yote. Gunvor aliuliza nani. Nimeishi hapa muda wa kutosha kujua kwamba kwenye vyama vya Waswidi, aliyepinga ndiye atakayepewa kazi. Wote walimgeukia mtu mmoja.

"Ja," akasema Mama Perpétue, na safari hii hakuchelewa.

Lakini jioni ya kikao kile cha kwanza, tulipokuwa stesheni tukingoja treni, Okech alitukimbilia, shali inaburuta chini.

"Mama! Leo umewasha moto! Yule jamaa wa pesa amekauka tu hivi!"

"Nyamaza, weye. Nimemwaibisha Gunvor."

"Umemwaibisha? Si yeye amekuja kukushika mkono? Nimeona hata machozi."

"Yalikuwa yake au yangu?"

"Sijui, Mama. Mlikuwa mmeshikana."

Treni ikaja, Okech akabaki akipunga mkono. Tulipokaa nikamuuliza, taratibu, "Mama, ile ja. Ulikosea au ulikusudia?"

"Ya kwanza nilikosea." Akafungua mkoba, akampa Josefin kipande cha keki alichokifunga kwenye leso. "Ya pili nilikuwa nikingoja mtu aniulize. Miaka yote, mwanangu, wananiuliza kama nakubali. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nakataa."

Mama Perpétue alikaa na ufunguo wa jiko zaidi ya miaka miwili. Ulikuwa mkubwa, wa shaba, umefungwa kwa kipande cha kitenge ili usipotee mkobani. Alhamisi zile ndizo zilizomlea Josefin. Alikua akikimbia kati ya miguu ya wanafunzi, akajua kuhesabu kwa Kihabeshi kabla ya Kiswahili. Okech alimaliza masomo, akapikiwa ndagala za kuagana, akalia na kusingizia kitunguu. Wakaja wengine, wachache kuliko zamani, maana sasa wanaotoka mbali walitakiwa kulipia masomo. Kuna siku tulikuwa watu watano tu jikoni, na sufuria ni ile ile ya watu ishirini. Mama Perpétue hakupunguza kipimo. Mabaki tulibeba hadi Bredäng.

Halafu Orpha, binti yake, akajifungua pacha kule Upplands Väsby. Magoti ya Mama Perpétue yalikuwa yamekataa ngazi za jikoni, na pacha walihitaji bibi. Alitwambia kwamba anahamia huko siku moja ya masika mwaka 2013, amekaa juu ya kapu katika chumba kile kile cha kufulia, kwa sababu jikoni kwangu hakuweza kulisema.

Kikao chake cha mwisho tulikwenda wote, hata Damas, amevaa shati la kanisani. Gunvor naye alikuwa amezeeka. Alisoma habari za Mama Perpétue kutwaliwa na wajukuu, akasema ufunguo utakwenda kwa msichana mmoja wa Kihabeshi aliyejitolea, na kwamba bodi inamshukuru. Kisha, kwa uchovu ule ule au kwa utani, mpaka leo sijui, akainua nyundo na kuuliza:

"Hakuna anayepinga Perpétue apumzike?"

Watu walianza kucheka, wakimtazama Mama Perpétue. Yeye alijiziba mdomo kwa mkono wote. Na kutoka upande wa dirishani, ambako Josefin alikuwa amepiga magoti juu ya kiti na kalamu zake, ikatoka sauti:

"Jo! Mimi!"

Nilitaka kumnyamazisha. Gunvor alinizuia kwa kidole. Aliilaza nyundo mezani ubavu, kama siku ile, akamwuliza mwanangu kwa adabu ile ile anayowauliza wakubwa, "Kwa nini unapinga, Josefin?"

Josefin alifikiri. Alikuwa na miaka mitano, pengo mbele.

"Kwa sababu ya ndagala," akasema.

Damas aliangua kicheko, meza nzima ikafuata. Mimi sikucheka mara moja, kwa kuwa nilikuwa nimelisikia neno lenyewe. Hakusema dagaa. Miaka yote nikimlisha dagaa wa mama yake, na neno alilolishika ni la Uvira. Mama Perpétue alilisikia pia. Alinitazama juu ya vichwa vya watu, macho yamejaa, akanyanyua nyusi kama kusema, unaona sasa nani alipotoka?

Gunvor alisema pingamizi limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Halafu akauliza upya, safari hii vizuri, kama zamani: mnakubali? Wakaitika wote pamoja, ja, hata Damas asiyehusika, na baada yao, imechelewa kidogo, ja ya Mama Perpétue.

Josefin peke yake hakuitika. Alirudi kwenye karatasi yake, na nyundo ikashuka.